Kipa Aliyebaki Nyumbani

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi redio lina miguu mitatu na tofali, na hakuna aliyewahi kufikiria kulitengeneza, maana waliolizoea wana kazi kubwa zaidi ya kuutengeneza ulimwengu kwa mdomo. Wa kila siku ni watatu. Kuna Takwimu, karani mstaafu wa bandarini, ambaye hasahau matokeo ya mechi yoyote wala maneno ya mtu yeyote. Kuna Kinyozi, ambaye huwanyoa wachache na kuwasema wengi. Na kuna Fundi mwenyewe, ambaye benchi ni lake lakini maneno ni ya wenzake. Kisiwa chenyewe ni kidogo, mtu akipiga chafya kusini kaskazini wanamwuliza kama ameshameza dawa. Basi asubuhi ile redio iliposema timu ya taifa ya wanawake inafufuliwa baada ya miaka kumi na sita, benchi halikungoja hata tangazo liishe.

— Wafufue nini? — Takwimu akasema huku akipuliza kahawa. — Ile timu ilicheza mechi tano tu. Historia yote nawapa kabla kikombe hakijapoa. Ya kwanza, hapa hapa nyumbani, tulifungwa tatu kwa moja. Ya pili, sare bila bao, na kipa wetu akaokoa penalti mbili. Si mnakumbuka watu walivyovunja uzio?

— Mimi shati langu lilichanika pale, — Kinyozi akadakia.

— Kisha tukaenda mashindano ya bara bila kipa. Yule wa akiba kavunjika kidole, wa kwanza hakutokea uwanja wa ndege. Akawekwa beki golini. Kumi na nne, kumi na moja, tisa. Wakarudi, chama kikavunja timu. Basi, kwisha habari.

— Na yote kwa sababu ya shemeji yetu, — Kinyozi akasema, akimgonga Fundi bega. — Usinune, bwana. Shemeji ni wetu sote.

Fundi akacheka. Kipa huyo alikuwa mkewe, na hicho kicheko amekuwa akikitoa kwa miaka kumi na sita, kila wanapofika hapo.

— Si aliogopa ndege? — akasema Takwimu.

— Ndege gani! Mtu anarukia miguu ya washambuliaji, aogope ndege? Yule alihongwa. Walimletea friji.

— Friji hilo liko wapi? Nimekunywa maji kwa Fundi mwaka mzima, vuguvugu kama ya kuogea.

— Labda lilikuwa bovu.

— Hakuna friji, wee, — Takwimu akasema.

— Mimi nilisikia alikuja mtu kutoka bara, akajifanya fundi wa glavu. Akampima mikono yote miwili, kidole kwa kidole, akaandika kwenye daftari. Tangu siku ile mikono ikafa ganzi.

— Mikono hiyo hiyo inayopiga pasi nguo za mtaa mzima?

— Ganzi ya mpira, Takwimu! Nguo ni kitu kingine.

Wakacheka mpaka benchi likayumba, na Fundi akacheka nao. Akainama kwenye redio aliyokuwa ameifungua magotini, akajifanya anatafuta waya.

Ukweli alikuwa nao yeye. Wiki ile ya safari, benchi hili hili lilimchambua vibaya. Takwimu alimwuliza kama chama kitamletea mtu wa kumpikia. Kinyozi akamwambia mwanamke akishalala hotelini hazoei tena mkeka wa kwake. Fundi alicheka, kisha akarudi nyumbani roho inamuuma. Alimwonea mkewe wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa wanaume wengine, ulikuwa wa uzio ule uliovunjwa kwa ajili yake. Asubuhi ya safari aliichukua pasipoti mkobani, akaitia ndani ya redio kubwa ya mteja aliyokwisha kuitengeneza, akakaza skrubu nne, akairudisha rafuni.

Mkewe alipoanza kupekua, naye akapekua. Aligeuza godoro. Alimwaga mchele kwenye sinia. Saa sita aliaga kwamba anakwenda kuuliza kwa dada yake, na njiani picha ya mkewe ikamkaba, jinsi alivyokuwa akipiga magoti chini ya kitanda na sare ya safari mwilini. Alirudi mbio. Kulikuwa bado na muda, ndege ilikuwa ya saa kumi. Alipofika kibandani, rafu ilikuwa tupu na mkewe amesimama mlangoni.

— Mwenye redio kaja nyumbani kukuulizia, — mkewe alimwambia, macho mekundu. — Nimempa. Kafurahi kweli.

Mwenye redio alikuwa baharia, na Fundi alipofika bandarini meli yake ilikwisha ng'oa nanga. Mwanamke yule alikuwa ameikabidhi safari yake kwa mtu baki, tena kwa adabu, na hakujua. Chama kikamfungia maisha kwa utoro. Mpaka leo hupitia nyuma ya soko ili asikione kiwanja.

Takwimu alikuwa ndiyo kwanza anaongeza kahawa alipotokea binti mmoja mwenye faili kifuani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi ni katibu wa timu mpya. Namtafuta Fundi.

Wakamwonyesha. Binti hakukaa.

— Baba, tuna makipa watatu na hakuna hata mmoja anayejua kudaka. Tunamtaka mama awafundishe. Saa nane kamati inakaa kusikiliza kesi yake. Wako tayari kumfungulia, ila wanataka sababu ya kutosafiri, na shahidi. Nimetoka kwake sasa hivi. Anasema pasipoti ilipotea.

— Pasipoti? — Takwimu akaweka kikombe chini. — Mbona sisi tuliambiwa aliogopa ndege? Tuliambiwa hapa hapa, Jumapili yake, na...

Alikuwa amekumbuka nani aliyesema. Akamtazama Fundi, kisha akaitazama kahawa yake.

— Mama anasema hajui ilipoteaje, — binti akaendelea. — Kasema nije kwako, kwa sababu siku ile wewe ulihangaika kuliko hata yeye. Kaniambia, «Mume wangu alikuwa akitetemeka.» Mlitafuta wapi, baba?

— Kila mahali. Chini ya godoro. Sandukuni. Kwenye mchele.

Binti akaandika.

— Na humu kibandani?

— Nilitafuta mwenyewe.

— Peke yako?

— Peke yangu.

Kalamu ikasimama. Hakuwa na hila usoni, alikuwa mtu anayejaza fomu tu.

— Sasa ilikwenda wapi?

Takwimu hakuinua kichwa. Fundi akafungua mdomo. Alijua sentensi moja ingetosha. Kabla ya jioni mkewe angekuwa kiwanjani, anawapigia kelele wasichana watatu. Alijua pia kwamba kutoka huko angerudi nyumbani, na angemtazama. Hofu ikamshinda. Akajichukia, na bado ikamshinda.

— Sijui, mwanangu.

Binti akaandika hilo pia.

— Kwa «sijui» hawatamfungulia, baba. Walishaniambia. Hebu weka saini hapa.

Fundi akafuta mkono kwenye suruali, akaweka saini. Binti akashukuru, akafunga faili, akaenda zake bila haraka, maana sasa hapakuwa na cha kuwahi.

— Usijilaumu, kaka, — Kinyozi akasema, kwa mara ya kwanza siku ile kwa sauti ya upole. — Mwanamume gani mwingine angemwaga mchele mzima kwa ajili ya mpira wa mkewe? Shemeji amepata mume.

Takwimu akasimama. Alimwaga kahawa yake barabarani, ikiwa bado ya moto, akaondoka bila kuaga, na benchi likainamia upande wa Fundi.

— Huyu naye kaingiwa na nini? — Kinyozi akashangaa.

Fundi akazirudisha skrubu za redio moja moja, akainuka.

— Nakwenda nyumbani. Lazima nimwambie.

— Umwambie nini?

— Kwamba wamekataa.