Magoti ya Kuazima: Ewald Kirfel Ashuka Kwenye Trekta

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, wakati wa alasiri, Bwana Ewald Kirfel alizima trekta la Ushirika wa Wakulima wa Mvinyo wa Niederkelmen, akaning'iniza ufunguo kwenye msumari wake, akastaafu. Ametumikia ushirika huu miaka thelathini na minne, yote akiwa dereva wa tela linalowapandisha wageni kutazama mashamba ya mizabibu. Kamati imeniomba mimi, Rudi Scharbach wa ghala la mapipa, niandike wasifu huu wa kusomwa kwenye sherehe ya Mtakatifu Martin. Kamati haikukosea. Katika bonde zima la Mosel hakuna anayemjua Ewald kunishinda, na wenye kalamu nzuri hapa kijijini tuko wachache sana.

Ewald ni mtu wa ng'ambo ya mto, Oberkelmen, na hadi leo analala huko. Alikuja kwetu kama fundi wa matairi. Siku ya sherehe ya mavuno dereva wa zamani aliteguka mguu, wageni wamekwisha kukaa kwenye tela na glasi zao mkononi, na Ewald amelala chini ya trekta akikaza gurudumu. Akatoka chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akapanda kwenye usukani. Ndiyo hivyo, hakushuka tena mpaka juzi.

Safari yake nani asiyeijua? Trekta linapanda polepole, kama mtu anayekwenda kwa mchumba na hataki aonekane ana haraka. Mto unabaki chini, unajipinda kama uko usingizini unageuka ubavu. Wageni hupanda telani na kelele zao za mjini, lakini wakifika kona ya pili sauti zinashuka, na kona ya tatu hakuna anayesema kitu. Mawe yetu meusi bapa yamekunywa jua mchana kutwa, sasa yanalipumua taratibu. Harufu ya zabibu zilizoiva inakuja, inakwenda, inakuja tena. Wenzetu wa vijiji vingine wana madereva wenye vipaza sauti na hadithi za majumba ya kale. Ewald alizima injini tu. Akasema, "Haya, sikilizeni," naye akanyamaza.

Na watu walisikiliza! Mwuza bima mmoja kutoka Hamburg alipanda telani akiwa na simu mbili. Walipofika juu alikuwa amesahau jina la kampuni yake. Hajalikumbuka mpaka leo. Anakaa Oberkelmen, anafuga nyuki, na ukimuuliza anakwambia hana kinyongo na mtu.

Lakini ukimwandika Ewald bila kuutaja Mteremko wa Kengele hujaandika kitu. Wote mnaujua, shamba la mizabibu la marehemu Mzee Alois Thielges, pale njia inapoukata katikati. Ni mkali, si mchezo. Ukidondosha punje ya zabibu juu, ikifika chini imekwisha kuwa mvinyo, na kama mwaka ulikuwa mzuri imefika na medali yake. Nayasema haya kama mtu aliyewahi kuupanda na makapu mawili mgongoni, huku nikiimba.

Sasa, vuli moja, miaka kumi na moja iliyopita, mteremko ule ulikuwa unakaribia kufa. Mzee Alois alikuwa hawezi tena kupanda, na wanawe wamekwenda mijini. Kimyakimya akapatana na watu wa mashine waje waing'oe mizabibu yote. Nasi tunajua shamba la mteremko likiachwa huwaje. Kuta za mawe zinaporomoka, miiba inashuka, na njia inafungwa. Mizabibu ikifa, safari ya Ewald nayo ilikuwa inakufa. Mwaka ule Mzee Alois hakutundika matawi mabichi mlangoni, na bila matawi mlangoni mkulima hajafungua ua wake, hakuna wa kuingia kunywa. Ewald hakujua habari ya mashine. Ila kila alipopita pale na tela lake alipunguza mwendo, akautazama ule mlango.

Ikafika Jumamosi moja ya Oktoba. Ukungu wa siku ile msiniulize. Baiskeli yangu niliiegemeza kwenye ukungu nje ya kanisa, ikaanguka saa sita ulipoondoka. Ewald akaja kando ya mto na tela limejaa, hakazi mwendo, anapapasa barabara kwa matairi. Akafika kwa Mzee Alois, akaona majani. Majani mabichi, mazito, yameuzunguka mlango mzima!

"Mzee kafungua!" akapiga kelele. "Jamani, shukeni! Mzee kafungua!"

Wageni waliokuwepo wanasema mwanamume mzima alikuwa karibu kulia.

Sasa mwenye kuyafunga yale majani ni mimi. Ilikuwa siku ya jubilei ya dhahabu ya Mzee Alois na Mama Hedwig, miaka hamsini ya ndoa, na jana yake sisi majirani tulikwenda kuwazungushia shada la misonobari mlangoni kama desturi inavyotaka. Nililifunga mwenyewe, na fundo langu halifunguki hata kwa farasi wawili. Ila maua ya karatasi ya dhahabu, ambayo ndiyo yanayomwambia mpita njia kwamba hapa kuna jubilei na siyo mvinyo wa kuuzwa, mke wangu alikuwa bado anayamalizia. Kijiji kizima kilijua habari ile. Mtu wa ng'ambo angejuaje?

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mama Hedwig mwenyewe. Mzee Alois alitoka amevaa suti na kiatu kimoja, akakuta uani watu tele wanavuta mabenchi.

"Karibuni," akasema, kwa wasiwasi. "Nyinyi ni wa upande wa Hedwig?"

"Sisi ni wa upande wa trekta," akajibu mama mmoja mwenye koti jekundu la mvua.

Mzee akarudi jikoni. "Hedwig! Ndugu zako wamefika!"

"Ndugu zangu gani, wee mzee? Wangu wote wako makaburini. Hao ni wa kwako."

"Wa kwangu hawavai makoti mekundu."

"Basi usisimame hapo kama mlingoti, wape kitu! Utaniaibisha leo?"

Mama Hedwig akatoa keki za vitunguu alizokuwa amewaokea wageni wa baada ya ibada. Mzee Alois naye akashuka ghalani. Na kwa kuwa ilikuwa jubilei yake, na kwa kuwa aliamini ndiyo mara ya mwisho, hakuleta mvinyo wa kawaida. Alileta ule wa Mteremko wa Kengele, wa mwaka ule wa kiangazi kirefu, aliokuwa ameufungia nyuma ya viazi.

Mimi niliingia na sanduku la maua ya karatasi wakati chupa ya tatu inafunguliwa. Ua wote ulikuwa kimya. Watu wameshika glasi kwa mikono miwili, wanatazama mbele, kila mmoja yuko kwao utotoni. Hata kuku wa Mama Hedwig walikuwa wamesimama.

"Babu," akauliza yule mama wa koti jekundu, taratibu, kama hataki kumwamsha mtu, "zabibu za huu mvinyo ziko wapi?"

Ukungu ndiyo kwanza ulikuwa unapasuka. Mteremko ukatoka humo kidogo kidogo, majani ya manjano juu, mawe meusi chini, unameta wote kwa umande.

"Ziko pale," akasema Mzee Alois. "Jumatatu hazitakuwepo."

Mama Hedwig akaweka sahani chini. "Jumatatu ipi?"

"Hii. Watu wa mashine wanakuja."

"Umepatana na watu wa mashine, nami nalala kitanda kimoja na wewe, sijui?"

"Ni magoti, Hedwig. Nikipanda, sijui kama nitashuka."

"Si ungesema magoti! Mwezi mzima nadhani umenichoka mimi!"

Nikaona niingilie kati, maana kwa kazi hiyo Mungu ndiye aliyenileta. "Ewald," nikamwambia, "dereva na tela zima, mnafanya nini kwenye jubilei ya watu?"

"Jubilei? Jubilei gani?" Akalitazama shada. Akayatazama maua mikononi mwangu. Kofia ikavuka yenyewe kichwani. "Yesu na Maria. Mimi nimeona majani, nikajua mzee kafungua."

Wageni wakaangua kicheko mpaka benchi moja likapinduka. Mzee Alois peke yake hakucheka. "Ningekuwa na magoti," akasema, "kweli ningefungua."

Ewald akaikunjakunja kofia yake. Mtu huyu hajui kuhutubia, lakini siku ile alisema neno ambalo hata mimi, na midomo yangu hii, sikulifikiria.

"Magoti ninayo mimi, Mzee. Niazime mteremko, nikuazime magoti."

"Wewe dereva? Utaikata mizabibu yangu kama nyasi za mbuzi!"

"Kaa kwenye benchi huku chini unitukane."

Mzee Alois akafikiri. "Kutukana naweza," akasema.

Jumatatu watu wa mashine walifika, wakamkuta Mama Hedwig amesimama barabarani na aproni yake. Wakageuza.

Tangu hapo, siku ambazo tela halikutoka, Ewald alikuwa mteremkoni. Majira ya baridi anapogoa, majira ya kuchipua anafunga matawi, na kuta zikilegea anapanga mawe. Mzee Alois alikaa kwenye benchi chini na blanketi lake. "Upande wa kushoto, wee kipofu! Hilo tawi limekukosea nini?" Sauti ile ilivuka mto, ikapanda ng'ambo, ikarudi. Wakulima wa Oberkelmen waliisikia wakajirekebisha, na ndiyo maana mvinyo wao umeanza kunyweka. Alipofariki, miaka minne iliyopita, Ewald alifanya kazi mteremkoni wiki nzima bila kusikia tusi. Akaniambia kwamba bonde limekuwa kubwa mno.

Mama Hedwig yupo, na leo ameketi meza ya mbele. Zabibu zimeendelea kuja ushirikani kwa jina la Thielges, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mfanyakazi wa ushirika kuleta mavuno yake mwenyewe. Kwa hiyo Septemba, tulipompigia Ewald makofi na kumpa saa ya ukutani, wengi tulikuwa na swali moja tumboni. Binti yake yuko Bremen na alikwisha kumwandalia chumba. Angeondoka, nani angepanda pale? Tukamuuliza. Akasema saa ni nzuri.

Wiki ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi, likaingia ua wa ushirika tela dogo la kukokotwa kwa mkono, limejaa zabibu za Mteremko wa Kengele, na Ewald akilivuta mbele. Mama Hedwig amekaa juu ya makapu kama malkia. Karani wa mizani akauliza, kama alivyozoea, "Thielges?"

"Kirfel," akasema Mama Hedwig. "Tumeandikishana mjini, mteremko ni wake sasa. Andika vizuri, ni jina la mkulima hilo."

Pipa lake liko kwangu, la mwisho upande wa ukuta. Jina nimeliandika mwenyewe kwa chaki, herufi kubwa, hakuna katika ghala lile zilizonyooka kama hizo. Mvinyo bado unachachuka. Ukitega sikio unasikia vipovu vinapanda kimoja kimoja, vinasema jambo lisilokwisha. Ewald huja alasiri, anakaa kwenye kreti, anasikiliza. Nami, mtu nisiyenyamaza hata kwa kinyozi, nakaa naye na sisemi kitu.

Ushirika unakushukuru, Ewald, kwa kazi, kwa uvumilivu, na kwa kila mgeni uliyemrudisha chini akiwa mpole kuliko alivyopanda. Mungu akupe afya, akutunzie hayo magoti, na mawe ya mteremko yakae mahali pake. Miaka thelathini na minne umewapeleka watu kunywa mvinyo wa wenzako. Mwakani, mvinyo wa pipa lile utakapokuwa tayari chupani, sisi wote tutapanda kwa miguu kuja kunywa wako.