Mwalimu Grasiana na Tai wa Nyika ya Handeni

Ndugu waombolezaji, wachungaji, walimu na wanafunzi, kwa niaba ya ukoo wa Shekiondo na ukoo wa Mdoe, tunawasimulia maisha ya mama yetu, Mwalimu Grasiana Simeo Shekiondo, tunayempumzisha leo hapa Mnyuzi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Mpale, wilayani Korogwe, mtoto wa tatu wa mzee Simeo, mkulima wa mahindi na maharage, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1982, akaendelea na sekondari, na mwaka 1990 akahitimu ualimu mjini Korogwe.

Januari 1991 aliajiriwa Sindeni, wilayani Handeni, kufundisha sayansi, na darasani hakukaa sana, kwa kuwa aliamini mtoto hawezi kuulinda mti asioujua jina, hivyo wanafunzi wake walijifunza miti porini, kwa Kiswahili na kwa Kizigua, na siku moja alikuja kwenye kikao cha wazazi na kinyonga mkononi, nusu ya kikao ikakimbia.

Tarehe 3 Julai 1993 alifunga ndoa na Jacob Mdoe, fundi wa reli, wakajaliwa watoto wawili, Godlisten na Eliwaza, waliokulia katika nyumba ambayo nyoka hauawi kabla hajatambuliwa, jambo ambalo baba yao hajalizoea hadi leo.

Mwaka 2008 alihamishiwa shule iliyo kwenye nyika ya wafugaji, huko huko Handeni, na huko ndiko jina lake lilikokua. Mwezi Mei 2012 wanafunzi walimletea habari kwamba tai wanaanguka karibu na lambo, akatoka mbio na chaki mkononi, akakuta ndege wametapakaa kuzunguka mzoga wa ndama, akatambua mara moja kuwa nyama ile imetiwa sumu, na mawingu yalikuwa yameshatanda, na kama mvua ingenyesha, sumu ingeingia kwenye maji wanayokunywa watu na mifugo. Aliyeitega alikuwa mzee Moreto, ambaye fisi walikuwa wamemmalizia ndama, naye alimjia juu, "Mwalimu, mali yangu imeliwa, wewe unakuja kulilia ndege wa mizoga?"

"Shikamoo mzee," mwalimu alimjibu, "ndama wako nawalilia pia. Lakini siku ng'ombe akifa kwa kimeta, ni nani atakayeumaliza mzoga kabla mbwa hawajauburuta hadi mlangoni kwako? Ni hawa hawa uliowaua. Na wajukuu zako wanakunywa maji ya wapi?"

Hapo mke wa mzee, mama Namelok, alikwenda kuleta kuni na majembe, wakachoma mzoga pamoja na ndege, wakafukia majivu kwenye shimo refu, na mvua ikaanza wakiwa wanashindilia udongo. Wiki iliyofuata mwalimu alirudi na wanafunzi kumsaidia Moreto kuimarisha boma kwa miiba na kupanda ua wa minyaa, na tangu hapo mzee huyo alialikwa shuleni kila muhula kufundisha tabia za wanyama, wala hakutega sumu tena.

Si kila kitu alishinda. Msitu mdogo jirani na Sindeni, alikowafundishia wanafunzi wake wa kwanza, ulikatwa wote kwa ajili ya mkaa, akalia kama aliyefiwa, kisha akaanzisha kitalu cha miche.

Alistaafu mwaka 2023, na mwezi Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Korogwe na baadaye Dar es Salaam, hadi alipofariki nyumbani hapa Mnyuzi alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani wa Mnyuzi waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, na wafugaji waliosafiri kutoka Handeni, wakiongozwa na mzee Moreto, aliyeomba, naye tukamkubalia, kuwa miongoni mwa wabeba jeneza.

Marehemu aliacha ombi moja, kwamba kaburi lake lisiwekewe mashada ya plastiki, bali lioteshwe mimea ya maua, nyuki wapate chakula, hivyo miche ipo pale pembeni, na kila atakayeweka udongo anaombwa apande na mche.

Mama, kazi umeifanya. Pumzika kwa amani, nasi tutamwagilia.