Waliokuja na Nyasi Mikononi

Bwana asifiwe, watu wa Karatu! Mbona safu za nyuma kimya? Bwana asifiwe tena! Haya, sasa nimewasikia.

Naitwa Nekesa, mzaliwa wa Bungoma, Kenya. Mnanijua. Mimi ndiye yule mnayemcheka dukani kwa kusema "nipe chumvi" pale ninyi mnaposema "naomba chumvi". Chekeni tu, nimezoea. Lakini leo sikusimama kuwachekesha. Nimesimama kwa sababu ilikuwa nife, tena ugenini, na Mungu akakataa!

Ndugu zangu, wakati wa korona nilikuwa msimamizi wa vyumba katika kambi moja ya watalii huko Ngorongoro, upande wa Endulen. Mnakumbuka ndege zilipoacha kuja. Hapa mjini magari ya safari yaliegeshwa mpaka majani yakaota kwenye matairi. Kule kambini bosi aliwaaga wafanyakazi wote, kila mtu akaenda kwao. Na mimi kwetu ni ng'ambo ya Namanga, na mpaka umefungwa! Nikampigia mama. Akaniambia, "Mwanangu, kaa hukohuko, huku hata kijiji cha pili hatufiki." Basi nikabaki na mlinzi mmoja, Lekishon, Mmasai wa palepale.

Sikujua kimya kinaweza kumtisha mtu kiasi kile. Pundamilia walikuja kulala mbele ya mapokezi. Nyani waliingia jikoni wakatoka na sukari, hata hawakukimbia. Na mimi kila asubuhi nikatandika vitanda vya wageni wasiokuja, nikanyoosha mashuka, nikaweka taulo. Mtanicheka, lakini bila hivyo ningerukwa na akili.

Nilikuwa na hofu, ndugu zangu. Redio hofu, simu hofu. Na maneno yalikuwa mengi juu ya watu waliotoka Kenya, kwamba ndio wanaoleta ugonjwa. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilijiambia mwenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi.

Sasa sikilizeni. Kule umasaini mtoto hamsalimii mkubwa kwa mkono. Anakuja mbele yako, anainamisha kichwa, nawe unamgusa utosini. Ndiyo salamu, na ndiyo baraka yake. Watoto waliokuwa wakipeleka ndama majini walikuwa wakipita pale kambini kila siku, na miaka yote niliwagusa. Korona ilipoingia nikaacha. Wakija nikarudi nyuma, mikono mgongoni. Wakabaki wameinama pale, wakingoja, halafu wakaondoka polepole. Nilidhani nawalinda. Kumwambia mtu kwa nini, sikumwambia.

Halafu nikaugua.

Ilianza na kikohozi, ikaja homa, kifua kikabana mpaka kuvuta pumzi ikawa kazi. Nikasema basi, ndio wenyewe! Na nikajua nitakachofanyiwa: watasema Mkenya ametuletea, nitafukuzwa, na mpaka umefungwa, niende wapi? Nikamwambia Lekishon nina uchovu tu, asinisumbue. Nikaingia katika chumba changu cha mbao, nikafunga komeo. Nikalala nikaomba, "Bwana, usiniache nife kwenye chumba cha mwajiri!" Chakula hakipiti. Maji yakaisha. Kutoka siwezi, kuita sitaki.

Asubuhi moja nikasikia sauti za wanawake wakiimba chini chini. Nikajiburuza hadi dirishani. Ndugu zangu, nilishtuka! Kundi zima la akina mama wa boma la jirani wanapanda mlima kuja kwangu, shanga zinalia, na kila mmoja ameshika nyasi mkononi. Mbele yao Koko Nasieku, mwanamke mzee kuliko wote pale. Koko ndio bibi kwa Kimasai.

Nikaona zile nyasi, nikasema, wamekuja kunichomea nyumba! Nyasi zenyewe zilikuwa mbichi kabisa. Nani anawasha moto kwa nyasi mbichi? Lakini hofu haiulizi maswali. Mimi, mtu mzima, mzee wa kanisa kwetu, nikaingia chini ya kitanda!

Lekishon akagonga. "Dada Nekesa, fungua. Hawa mama wamekuja kukuomba msamaha."

Msamaha? Mimi?

"Umekataa vichwa vya watoto, dada. Kwetu mtu akikataa kichwa cha mtoto, ana hasira naye, na hasira ya mkubwa inamdhuru mtoto. Wanauliza, watoto wamekukosea nini? Nyasi ni za amani. Wanakusihi."

Ndugu zangu! Mimi chini ya kitanda nawaogopa wao, na wao huko nje wananiogopa mimi! Nikatambaa hadi mlangoni, nikavuta komeo, nikaanguka miguuni pao. Mikono ikanidaka. Nikapiga kelele kwa pumzi iliyobaki, "Msinishike! Naumwa!"

Koko akauliza kwa Kimasai, Lekishon akatafsiri: "Anasema, mgonjwa halafu amefungiwa ndani? Nani amemfungia?"

Nikasema, "Nimejifungia mwenyewe."

Hawakukasirika, walishangaa tu. Kwao hakuna mtu anayeumwa peke yake.

Kule hifadhini hawalimi, unga unatoka huku Karatu, na asubuhi ileile lori la unga lilikuwa linashusha kwenye duka la pale jirani. Mungu ana ratiba yake! Wakanibeba kwa shuka hadi barabarani, wakanilaza juu ya magunia, nao wakapanda pamoja nami. Kabla lori halijaondoka, Koko akaniinamia akanitemea mate kwenye paji la uso. Mate, ndugu zangu! Dunia nzima inakimbia mate, mimi natemewa! Nikafumba macho nikasema sasa nimekwisha. Lekishon akanipigia kelele, "Hiyo ni baraka, dada, tulia!"

Nilifika hospitali ya Endulen mweupe kwa unga kama andazi. Daktari akasema ni nimonia kali, na kwamba ningekaa ndani mpaka jioni ile, wangekuta maiti. Wakaniwekea hewa ya mtungi. Akina mama wakakatazwa kuingia, wakaketi nje kwenye majani, wakagoma kuondoka mpaka walipoambiwa nimekunywa uji. Nililala pale nikingoja kusikia Koko ameugua kwa ajili yangu. Hakuugua, wala yeyote kati yao. Haleluya!

Mimi niliimba kwaya tangu utotoni, na nilidhani naujua upendo. Sikuujua. Niliomba Mungu anitumie msaada, akanitumia, nami nikaukimbia uvunguni kwa sababu haukufanana na nilioutarajia. Ahsante, Yesu, kwa kunigongea hata hivyo!

Sasa nasema na mmoja aliye humu. Sikujui. Umekuja ibadani umejipanga vizuri, unasema "salama tu", na ndani hali ni mbaya tangu wiki jana, na hujamwambia mtu kwa sababu unajua watakachosema. Hujui, ndugu yangu! Mimi nilijua, na nilikosea kila kitu. Mwamini Bwana, na umwambie mtu leo, kabla hujatoka kwenye mlango ule. Ukikosa wa kumwambia, nimekaa safu ya pili, kitambaa cha kijani. Njoo. Sitakuuliza kwenu ni wapi.