Chemchemi Iliyopimwa Aprili

Mmelisikia bomba likikohoa? Ni saa nane za usiku, na Kayole imeletewa maji yake ya juma zima. Acheni ndoo zijae zenyewe. Sikilizeni wanangu, pumzi niliyo nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Nawe Mativo, mzee wa kanisa, andika ninavyosema, usinipambie.

Wavinya, chumba hiki ni cha kupanga, hakina cha kurithi ila kitanda na redio. Chukua. Shamba la juu kule mlimani ligaweni nusu kwa nusu. Limebaki la chini, lenye chemchemi, na hapo ndipo ninapotaka kugombana nanyi kabla sijafa.

Muoki, usigune. Najua mkandarasi alikuchomea mbuzi pale Kiamaiko, nawe ukamwahidi kwamba baba akishazikwa utatia sahihi, bomba la chuma litoke kwenye chemchemi mpaka sokoni. Unasema mfereji wa wazi ni ushamba, unavuja njia nzima. Ni kweli, unavuja. Unavujia migomba ya watu, unavujia matete, na maji yanayozama pale juu ndiyo yanayoibukia visimani kwa walio bondeni. Una ubaya wake: mvua ikizidi hubomoka ukashuka na udongo, na kila msimu lazima watu wauzibue kwa majembe. Bomba halivuji, na hilo ndilo kosa lake. Linabeba yote, halimwachii chura hata tone. Na huyo mhandisi wake anayetaka kuutoboa mlima ili kufupisha njia, mwambieni mlima una mishipa. Akiikata, chemchemi za upande wa pili zitaishia ndani ya shimo lake.

Nayajua kwa sababu niliyafanya. Mwaka wa sitini na nane, kwenye ukingo wa pili wa mlima huohuo, mimi ndiye niliyekuwa karani wa kupima maji. Nilipima kwa debe na saa ya mkononi, mwezi wa Aprili, katikati ya mvua, debe likajaa kabla sijahesabu hadi tano. Nikaandika hivyohivyo, maana nilitaka cheo. Mtu mmoja akasimama barazani akaniambia nirudi nikapime Septemba. Nikamwita adui wa maendeleo, watu wakamcheka, bomba likalazwa. Septemba ilipofika bomba lilinyonya chemchemi yote, matete yakakauka, ng'ombe wakafa bondeni midomo ikiwa kwenye matope. Yeye akalipasua bomba kwa sururu ili walio chini wanywe, nami nikaenda mahakamani nikamnyooshea kidole. Akafungwa miaka mitatu. Alikuwa ndugu yangu, tumbo moja.

Alipotoka alinipita njiani kama anayepita kisiki. Tangu hapo jina lake halijatajwa chini ya paa langu. Mama yenu amekufa akimwita "yule". Anachonga vinyago hapo mtaa wa Huruma, na sijakanyaga kwake. Simpendi hata leo. Ana ulimi mchafu, na anajua alisema kweli.

Lakini ninyi nawajua. Wavinya ataombwa, atahurumia. Muoki amekwisha kula. Yule hanunuliki. Shamba la chini na chemchemi yake nampa yeye.

Kaa chini, Muoki. Nimekusikia ukisema mzee amerukwa na akili. Mativo, andika kwamba nimesikia, na bado nasema hivyo.

Nizikeni juu, mbali na maji. Msimwite mazishini, mpelekeeni karatasi hii kwake, kwa miguu yenu, mkamwamkie kama baba. Wavinya, sogea nikutemee mate ya baraka kifuani. Hapo. Uzae, ulale usingizi. Muoki... wewe utapata yako ukirudi kutoka Huruma. Si kabla.

Nipeni maji kidogo... Mbona kalamu imesimama, Mativo?

Ndiyo. Huwezi kuandika "yule".

Niinueni kichwa. Andika...

Kimeu.