Kitambaa cha Kankomba Si cha Muntu Mumoja

Kaeni chini wote watatu. Cyprien, toa mugongo wako mulangoni, unaziba mwanga, na kama ni kutoroka utatoroka nikisha kumaliza. Générose, teremsha sufuria ya sombe motoni, maana najua sikio lako moja liko jikoni. Na wewe Noëlla, kitinda mimba wangu, njoo uniinue kichwa kidogo. Tangu nilale hapa munaingia mumoja mumoja kuninong'oneza, kila mumoja na shauri lake, na akitoka anamutazama mwenzake kwa jicho la pembeni kama amemuwahi. Nimechoka, wanangu. Nimechoka kuliko huu ugonjwa. Leo nasema mara moja mbele ya wote, na sitarudia.

Mimi Émérence, binti ya Lucie, nilizaliwa Kankomba, kwenye ukingo wa ziwa, kabla ya Kalemie kuitwa Kalemie. Mama yangu alinifundisha kupaka nyumba: pemba, ule udongo mweupe, na udongo mwekundu, makaa yaliyosagwa, na kidole kama burashi haipo. Kila kiangazi kikiisha wanawake walipaka kuta zao, na muntu akipita alijua katika nyumba hii wamepata mapacha, katika ile wamefiwa, katika ile nyingine muke na mume hawasemezani. Hiyo ilikuwa kazi yangu hata kabla ya kuolewa na baba yenu, Mungu amulaze pema, na baba yenu alizoea kula bukari, ugali wetu, iliyo na alama ya vidole vyekundu.

Halafu zikaja zile mvua za miaka ya kwanza ya uhuru, na ziwa likapanda. Maji hayabishi hodi. Yalikula ukingo, yakala mashamba, yakaingia nyumbani, na michikichi ikasimama majini hadi shingoni, ikafa ikiwa imesimama. Nilimuona mama yangu katika mutumbwi akipiga kasia juu ya shamba lake mwenyewe la muhogo, anainama kutazama chini, anapiga tena kasia, anainama tena. Tukahamia mulimani. Mama akafa kule, hakurudi kukanyaga udongo wake.

Miaka ikapita, inchi ikabadilishwa jina, na sisi wote tukaitwa sitwayeni, yaani raia, na ziwa, bila kumuuliza muntu, likaanza kurudi nyuma. Ukatokea udongo mweusi, muzuri, wenye majani mabichi. Hapo sasa! Watu waliokuwa wamesahau hata njia ya Kankomba walishuka na majembe, kila mumoja na binamu yake wa kumushuhudia. Na kabla hawajachoka kutukanana akafika kutoka mujini Sitwayeni Banza, mufanyabiashara, na vijiti vya chuma na waya wa miiba, akaanza kuzungushia. Tulipomuuliza alijibu akicheka:

"Mama zangu, udongo uliotoka majini hauna babu."

Tukamuita shefu. Alikuja, akakaa kitini, akatusikiliza tukipiga makelele wote pamoja hadi akafunika macho kwa mukono. Akasema: "Nyinyi munasema kwa kinywa, na kinywa hakina mupaka. Nionyesheni ukingo ulikuwaje."

Mimi nikasema: "Nipeni ukuta wa kanisa."

Germain, katekista wetu, aliruka kama amekanyaga siafu. "Mama Émérence! Ukuta wa Mungu?" Nikamujibu: "Mungu njo aliumba huo ukingo. Akiuona ukutani hatakasirika." Akakuna kichwa, akanipa ngazi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa njo munakosea nyinyi wote watatu. Munafikiri nilichora picha ile kwa akili yangu. Sikuchora hivyo. Nilichora mustari wa maji tu, na watu wakaanza kuja. Mama Mujinga alikuja akasema nyumba yake nimeisogeza karibu mno na ya mukewenza. Papa Ngoy alitaka mutumbwi wake uliooza zamani uwepo, na uwe mukubwa. Kila nilipochora muchikichi mumoja, watu watatu walikuja kugombana chini yake. Nilifuta, nikachora, nikafuta, nikatukana, nikashuka ngazi, nikapanda tena. Wazee ambao hawakuwa wametaja jina la jirani tangu maji yapande walisimama pale wakibishana kwa sauti: hapa palikuwa na kaburi, hapa watoto waliogelea, hapa tuligawana nyama ya kiboko. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mukono ulikuwa wangu, lakini macho yalikuwa ya kijiji kizima. Na mimi, niliyepaka kuta maisha yangu yote, siku zile njo nilielewa kazi yangu: picha ambayo hakuna muntu wa kuigombania ni pambo tu, na pambo halilishi muntu.

Wa kunishinda alikuwa muntu wa tumbo moja nami. Yaya Augustin, kaka yangu mukubwa, mujomba wenu. Alitaka michikichi yake ifike hadi kijito. Nikamwambia, yaya, iliishia kwenye kichuguu, tuliokota uyoga pale mimi na wewe. Akasema mimi ni mwanamuke, nichore ninaloambiwa. Nikakataa. Muchana kweupe, watu wanatazama, akachukua ndoo ya chokaa akaimwaga kwenye ile pembe yote, ikatiririka hadi chini. Sikulia. Nikangoja ikauke, nikachora tena juu yake. Tangu siku ile hatujala sahani moja.

Shefu aliporudi alitazama ukuta, akasimama mbele ya nyumba ya mama yangu, pale nilipochora mafiga uani. Akauliza kutoka kanisani ni wapi. Tukashuka naye. Akapiga fimbo chini: "Chimbeni." Vijana wakachimba, maji yakaingia shimoni, wakachimba tena, na jembe likagonga jiwe. Yakatoka mafiga ya Lucie, yote matatu, bado yana weusi wa moshi upande wa ndani. Papa Ngoy alivua kofia. Sitwayeni Banza alisema jiwe ni jiwe, na shefu akamuuliza kama kwao wanapika chini ya maji.

Musifikiri tulishinda yote. Mukubwa harudi mikono mitupu. Banza alipewa upande wa juu, wa barabarani, na hadi leo waya wake uko pale. Lakini ukingo ulibaki wetu. Na mvua zilipoanza kula ule ukuta, nilishona magunia ya unga pamoja, nikahamisha muchoro kwenye kitambaa, na watu wakaja tena kugombana upya. Kitambaa hicho njo kile kimefungwa juu ya kabati, kile ambacho kila mumoja wenu ameshakitazama akifikiri nimelala.

Noëlla, maji. Kidogo. Basi.

Cyprien. Wewe ulimuleta hapa yule muzungu wa Lubumbashi anayekusanya picha. Aliniita musanii mukubwa, nikamushukuru. Kisha akauliza kama ninaweza kutoa hii nyumba na ile, maana zimesongamana. Nyumba ya Mama Mujinga! Mwanangu, wewe unavaa tai, unafanya kazi biro, ofisini, unajua kusema na watu. Hukupata neno hata moja la kumujibu? Utakwenda wewe mwenyewe kumwambia hapana. Usimutume muntu. Uende na kinywa kilekile ulichomuahidi nacho kitambaa.

Générose. Wewe unavuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi, unaniletea kitenge na sabuni, na moyo wako ni mwema, lakini ulimi wako hauna mulango. Unataka shamba la nyanya yako Lucie ligawanywe, sehemu yako uiuze ujenge depo ya ndagala, hao dagaa wako. Sikia: kwetu ardhi inapita kwa mama. Nilipewa na mama, naye kwa mama yake, na siku moja mabinti zako watauliza. Lima. Jenga depo ukitaka, pale pale, anika ndagala zako uani kwa Lucie, utaona kama atakataa. Lakini hakuna kuuza. Usinitazame hivyo. Nimesema hakuna.

Noëlla, wewe njo umenichokesha kuliko wote, kwa sababu mukono wangu ulikwenda kwako. Unachora vizuri kuliko mimi, kila muntu anasema. Jua linazama, muti umesimama, mutumbwi unapita, wageni wananunua bandarini. Kila siku nakuuliza, muti huu ni wa nani? Unajibu, ni muti tu, mama. Hakuna muti tu! Muti una aliyeupanda na anayeudai. Nakuachia burashi na chungu cha pemba. Kitambaa sikuachii. Kitakwenda kanisani kwa Germain, kitafunguliwa kila mvua zikikaribia, na wewe utasimama mbele yake uchore waliozaliwa na nyumba mpya, na watu watakutukana, na utafuta, na utachora tena. Siku utakaporudi nyumbani unalia kwa hasira, jua umeanza kazi.

Nani anakohoa pale inje?

Najua nani. Amekaa pale kwenye kiti tangu asubuhi, hataki kuingia, hataki kuondoka. Cyprien, mwambie mujomba wako aingie, afya yangu haina nafasi ya kiburi chake.

Yaya. Kaa. Umezeeka vibaya. Noëlla, fungua kitambaa, ile pembe ya kijito. Mupe burashi. Yaya, chora wewe mupaka wako, mbele ya watoto hawa, mukono wako mwenyewe.

Unangoja nini? Chora.

Kwenye kijito? Bado kwenye kijito! Mungu wangu, tumezaliwa tumbo moja na huyu. Hapana, Générose, nyamaza, umuache. Usifute, Noëlla. Mustari wake ubaki, na wangu ubaki. Watakaokuja watagombana, na wakigombana watatukumbuka wote wawili. Yaya, chakula kipo. Kula na sisi.

Muntu anizike mulimani, karibu na mama, bila hotuba. Fimbo yangu... hapana, sahau fimbo. Nguo zangu mugawane bila kupigana. Germain asiimbe, hana sauti.

Leteni vichwa vyenu niwapake baraka. Pemba iko wapi? Hapa. Cyprien, uheshimiwe na uwe na haya. Générose, ziwa likupeleke na likurudishe. Noëlla... Mupendane hata mukikasirikiana. Ardhi iwakubali.

Sasa nendeni mukakule. Muntu hawezi kufa vizuri akikodolewa macho hivi. Nendeni.

Noëlla, wewe baki. Usiseme kitu. Baki tu.