Moto wa Ng'ombe Wawili

Kule Kiminini, kando ya barabara itokayo Kitale, kuna kinu cha kusaga mahindi, na mbele ya kinu kuna benchi la ubao wa mkaratusi. Stima ikiwapo, benchi ni la kungojea unga. Stima ikipotea, benchi hugeuka bunge, na spika wake ni Phelista, anayeuza kahawa ya tangawizi kutoka birika la bati lililokaa juu ya jiko la makaa. Jumanne hiyo stima ilipotea saa tatu asubuhi. Mashine ikakohoa, ikanyamaza, na wanaume watatu wakasogeleana. Kulikuwa na Kigen, aliyeitwa Daktari kwa sababu huuza dawa ya kupe. Kulikuwa na Mukhisa, mzaliwa wa Bungoma, aliyeitwa Askofu kwa sababu ya sauti yake tu, maana kanisani huonekana Krismasi. Huyo akizungumza, r na l hubadilishana viti zikipenda, bila kuomba ruhusa. Na kulikuwa na Walubengo, Injinia, aliyeendesha foklifti miaka kumi na minane katika kiwanda cha karatasi cha Webuye. Leo Injinia alikuwa amekuja na debe la mahindi, ilhali nyumbani kwake kulikuwa na unga wa wiki mbili.

— Injinia, Mukhisa alianza, akipuliza kikombe chake, leo si ndio ile siku? Nasikia Mama Ian ameambia kanisa nzima ati leo munawasha gesi ya ng'ombe.

— Mimi nimekuja kusaga, Walubengo alisema.

— Stima haiko.

— Nitangoja.

— Fundi wa kinu anasema inaweza rudi jioni.

— Si nimesema nitangoja?

Phelista alimtazama, akamwongezea kahawa bila kuulizwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mkewe Walubengo, Sellah, alikuwa akikohoa tangu msimu wa kupanda wa mwaka juzi. Alipokwenda kliniki Kitale, muuguzi alikisikiliza kifua chake, akamwambia, "Mama, hiki kifua hakitaki dawa ingine. Kinataka utoke kwa moshi." Sellah akarudi na neno hilo. Walikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na mtoto wao Ian, aliyekuwa akisomea kilimo huko Mabanga, alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mavi ya ng'ombe yanavyotoa gesi ya kupikia. Walubengo akakataa. "Nyumba yangu haitapikiwa na mavi," alisema, na akalisema tena mwaka uliofuata. Mwezi uliopita Sellah alimwekea chai mezani, akaketi. "Nimekuomba mara tatu, Baba Ian," alimwambia. "Hii ya nne siombi. Nakujulisha." Wiki hiyohiyo vijana wa kuchimba walikuja, mtaro ukachimbwa nyuma ya zizi, na mfuko mkubwa mweusi ukalazwa ndani yake.

Na asubuhi hii Sellah alikuwa amemwambia, "Fundi anakuja kuunganisha jiko. Lakini moto wa kwanza utauwasha wewe." Ndipo Walubengo alipokumbuka kwamba mahindi yanahitaji kusagwa.

— Mimi gesi siogopi, Kigen alisema. Mimi naonea ng'ombe huruma. Hiyo gesi ndio nguvu yake. Sasa ukichukua yote upikie maharagwe, ng'ombe atasimama na nini?

— Kwani inafinywa kutoka kwa tumbo? Phelista aliuliza. Si ni mavi imeshaanguka chini?

— Ng'ombe anajua, Mama. Akisikia mali yake inachomwa, anaficha maziwa. Mimi ni daktari.

— Wa kupe.

— Kupe hukaa wapi? Si kwa ng'ombe?

Mukhisa aliinua kidole kama mtu anayetaka kutoa sadaka ya maneno.

— Wahenga walisema, penye moshi hapakosi moto. Sasa Injinia anataka moto bira moshi. Hiyo moto utajuaje iko? Si utaikaria?

— Utaiona kwa macho, Askofu.

— Na nyama? Nyama ikikosa moshi hiyo ni nyama ya hospitari. Na halufu je? Umearika wageni wa halusi, wanakura, mmoja anauliza, "Ng'ombe iko wapi?" Unamwambia nini? Ati iko chini ya sufulia?

Benchi lilicheka. Kwa kawaida Walubengo ndiye angeongeza hapo uongo mkubwa kuliko wote, kisha aape kwa foklifti yake. Leo aliangalia tu viatu vyake.

— Hata hizi sola, Kigen aliendelea, maana alikuwa ameshapata mwendo. Niko na binamu yangu huko mji wa Kwanza. Kila nyumba kwao imeweka sola juu ya paa. Paa inang'aa kama meno ya mwanasiasa. Na mwaka huu mvua ilichelewa. Unajua ni kwa nini?

— Kwa nini?

— Jua imevutwa chini. Watu wote wanavuta, wanavuta. Itaacha kukaribia?

— Wacha! Mukhisa alishika kichwa. Kumbe iko na mwisho! Tukichota sisi wote, watoto watabaki na giza. Ndio maana wahenga walisema, mbaazi ikikosa maua inasingizia jua. Warikuwa wanajua mambo ya sora hao wazee.

— Jua si mtungi, Phelista alisema.

— Umewahi kuangaria ndani?

Phelista akageuza makaa.

— Sasa mimi, Kigen alisema kwa fahari, kwangu stima siharibu. TV nikimaliza naichomoa kwa ukuta. Ile taa ndogo nyekundu, hata ukizima na rimoti, inaendelea kukula stima.

Hilo ndilo lililokuwa neno la kweli pekee alilolisema Daktari asubuhi nzima, na ndilo alilochekwa nalo kuliko yote. Mukhisa alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Taa kama jicho ya panya! Ati ikule stima! Daktari, hiyo dawa ya kupe unaionja?

— Cheka tu, Phelista alisema. Lakini wewe Askofu, maharagwe kwako inapikwa masaa mangapi?

— Matatu. Manne. Maharagwe ni mambo ya subira.

— Mimi nalaza kwa maji. Asubuhi nachemsha nusu saa, nafunika sufuria, naiweka kwa kikapu nimejaza vipande vya blanketi. Nakuja hapa kuwauzia nyinyi kahawa. Nikirudi saa nane, imeiva. Makaa ya siku moja inanipeleka siku mbili.

— Imeiva peke yake? Hakuna moto?

— Hakuna.

— Huo ni uchawi, Mukhisa alikata shauri. Na mchawi mpe mtoto akulelee. Mimi wangu sikupatii.

Kicheko kilipotulia, Walubengo alisema, bado akitazama viatu vyake:

— Itawaka.

— Nini?

— Hiyo gesi. Itawaka. Mfuko umefura kama ng'ombe wa kuzaa kesho.

— Unajuaje? Kigen aliuliza. Si ulikuwa unasema hiyo ni kitu ya Mama Ian na mtoto wake?

Walubengo alikunywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, tangawizi na vyote.

— Kwa sababu ni mimi naulisha. Siku ishirini na nne sasa. Ndoo ya mavi, ndoo ya maji, nakoroga, namwaga. Naamka kabla jirani hajafungua mlango.

Kigen aliondoa kikombe mdomoni. Kisha benchi likalipuka.

— Injinia! Wewe! Unakoroga mavi!

— Na mwiko?

— Na mkono?

— Na fimbo, Walubengo alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alicheka mwenyewe. Fimbo ndefu, bana.

— Basi kama itawaka, Mukhisa aliuliza huku akijipangusa machozi, hapa umetoroka nini?

Swali hilo lilimgonga. Walubengo aligeuza kikombe kitupu mkononi. Angesema nini? Mfuko ungekataa, angeweza kusema, "Niliwaambia." Lakini ungewaka. Alijua ungewaka, kama alivyokuwa akijua injini ya foklifti kwa mlio wake. Na moto ukiwaka leo, basi ungeweza kuwaka mwaka juzi, na kila usiku ambao Sellah alikaa kitandani akishika mbavu akikohoa, ulikuwa usiku aliomnunulia yeye Walubengo, kwa neno lake moja la kiburi. Mtu ataangaliaje moto wa namna hiyo?

Pikipiki ilisimama mbele ya kinu. Akashuka mwanamke wa miaka kama thelathini, amevaa gambuti na ovaroli ya buluu, sanduku la spana mgongoni.

— Habari ya asubuhi, wazee. Mimi naitwa Chepkirui, ni fundi wa gesi. Natafuta Baba Ian. Jiko nimemaliza kufunga, lakini mama amekataa niwashe. Amesema mwenye kuwasha yuko kwa kinu.

Wanaume watatu walitazama ndani ya vikombe. Phelista akamvutia mgeni kigoda, akampa kahawa.

— Kaa kwanza, mama. Hawa watakuambia kila kitu isipokuwa chenye umeuliza.

Na kweli walimwambia. Kigen alimweleza jinsi ng'ombe anavyoficha maziwa. Mukhisa alimweleza juu ya wageni wa harusi. Alielezwa jinsi jua linavyopungua kule Kwanza, na akaulizwa, kama fundi, ana msimamo gani. Chepkirui alinywa kahawa yake polepole, akiitikia kwa kichwa, bila kucheka. Walipoishiwa na pumzi akaweka kikombe chini.

— Asanteni. Mimi nina swali moja tu, wazee. Jana, kwenu nyumbani, kuni ya kupika ilikuwa mizigo mingapi? Na ilitoka wapi?

— Kuni? Kigen alisema. Kuni iko. Huwa iko tu.

— Ndio, mzee. Lakini ilitoka wapi?

Kigen alimtazama Mukhisa. Mukhisa alitafuta methali. Ilionekana kabisa akiitafuta, midomo ikitembea, lakini wahenga wote walikuwa wamehama.

— Kwangu... Mukhisa alisema. Kwangu haijawahi kukosa.

Walubengo alikuwa akihesabu. Alijua mpaka leo ni roli ngapi za karatasi alizobeba kwa zamu moja kule Webuye, na uzito wa kila roli. Alijua siku ng'ombe wake walipopandishwa. Alijaribu kumwona Sellah akiingia uani na mzigo kichwani, akamwona vizuri, shingo imekaza, leso imefungwa kiunoni. Lakini hakujua alikuwa akitoka upande gani. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hakuwahi kuuliza.

Akasimama.

— Baba Ian ni mimi, alisema. Twende, kabla sijapata sababu ingine.

Pikipiki iliondoka na vumbi. Kigen na Mukhisa wakatazamana.

— Ikilipuka, Kigen alisema, atahitaji daktari.

— Ikilipuka, Mukhisa alisema, atahitaji askofu.

Wakaacha kahawa, wakakata njia kupitia shamba la mahindi.

Sellah alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni. Nyuma yake kuta zilikuwa nyeusi tititi, na katikati ya weusi ule palikuwa na jiko dogo jipya la macho mawili, safi kama sahani ya mgeni. Hakumuuliza alikotoka. Alimpa kiberiti.

— Fungua hapa kidogo kidogo, Chepkirui alielekeza. Washa njiti kwanza, ndio ufungue.

Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu akaisogeza, akafungua, na pakasikika mlio mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha duara la moto wa buluu likakaa juu ya jiko, limetulia, halina moshi, halina harufu.

Chepkirui alirudi nyuma hatua moja. Sellah alisogea, akainama juu ya moto ule, uso karibu kabisa, kama ambavyo hakuwa amesogelea moto kwa miaka miwili. Akavuta pumzi ndefu. Akaitoa. Hakukohoa.

— Mama Ian, Walubengo alisema. Hii ingekuwa hapa mwaka juzi. Ni mimi. Pole.

Sellah alimgeukia. Macho yake yalikuwa yamelowa, na safari hii moshi haukuwa na hatia.

— Nimesikia, alisema. Sasa bandika maji, Baba Ian. Maji haichemshwi na pole.

— Sufuria iko wapi?

— Tafuta.

Akatafuta. Alifungua kabati, akachungulia chini ya meza, akatoa kifuniko kisichokuwa na mwenzake, na Sellah akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kupanda mpaka kikamtikisa mabega, na Chepkirui naye akageuka ukutani ili asionekane. Nje, nyuma ya zizi, sauti nzito iliita kwa woga:

— Injinia! Imeripuka?

— Imewaka! Walubengo alijibu, kichwa kikiwa ndani ya kabati.

Vichwa viwili vikachomoza nyuma ya zizi. Kisha sauti ileile:

— Basi tuko wawiri. Mutuwekee chai.