Dua ya Kuamrishwa

Tuktuk ilitoka sokoni Marikiti, na Hussaina, aliyekaa katikati, akawa ukuta usiofaa kitu baina ya walimu wawili wanaobishana.

"Cynthia mwanangu, kesho usipoimba wimbo wa taifa watakufuta kazi," alisema Mwalimu Chirau.

"Wimbo ule ni dua, Mwalimu. Mimi dua siombi kwa kuamrishwa."

"Basi chezesha midomo tu, kama mimi."

"Kumbe kila Jumatatu wamhadaa Mungu?"

Chirau alikohoa, ingawa vumbi halikuwepo.

Mara firimbi ya kuteremsha bendera ikalia kituo cha polisi. Dereva akasimamisha tuktuk, akashuka. Chirau naye akashuka, akanyooka kama mlingoti. Cynthia hakuondoka kitini. Hussaina, aliyezoea kusimama bila kujiuliza, alikuwa mguu mmoja nje, mwingine ndani.